Saba Iliyozungushiwa Duara

Wakati wa vita nilikuwa nachambua kaswida ya marehemu mwalimu wangu, ili niwafundishe akina mama wa msikiti wetu. Hakuacha nakala, niliiandika daftarini kutoka kichwani. Kila mstari una vipande viwili vya silabi nane nane, na kila ubeti hufungwa kwa maneno yaleyale: *Mola tupe moyo safi, tukuabudu daima.* Pembeni niliandika hesabu ya silabi, na vina nikavipigia mstari. Kipande kimoja kilinipa saba: *usiku na mchana.* Mwalimu hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Aliyesahau ni mimi. Nikaizungushia ile saba duara jekundu.

Adhuhuri moja nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, kutoka mtaani kwetu Mangobo kwenda Makiso, katikati ya mji. Mwendeshaji aling'ang'ania kupita njia ya nyuma, na huko tukakuta kizuizi. Askari akafungua mfuko wangu, akatoa daftari.

"Papa, hii iko nini? Nane, nane, nane."

"Iko maombi, mwanangu. Nahesabu silabi."

"Mungu anakuombaka hesabu? Na hii saba, juu ya nini iko na duara? Iko alama ya adui? Bon, utaeleza kambini."

Jirani yangu alikwenda kueleza kambini, na mkewe alikuwa bado anamngoja. Nikamtazama mwendeshaji. Nani alimwambia apite huku?

"Chef, mi nilibeba mutu," akasema haraka. "Sikubeba kitabu."

Askari akalifunga daftari. "Kama iko maombi, imba. Mi nahesabu."

Nikaimba, huku yeye akikunja vidole juu ya bunduki. Kibwagizo kiliporudi mara ya tatu, mwendeshaji alikuwa anaitikia.

"Kumbe unaijua!"

"Hapana, chef! Inarudi-rudi, inaingia yenyewe."

Nikafika kwenye ule mstari. Kichwa kilikuwa kimejaa hofu, ulimi ukaenda wenyewe na sauti ya mwalimu: *usiku hata mchana.*

"Nane!" Askari akafungua daftari. "Hapa iko saba. Unabadilisha!"

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele. "Siku tatu naitafuta!"

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Akaniamuru niandike upya, akahesabu silabi kidole kwa kidole, mara mbili. Kisha akachukua penseli, akakata saba yangu na kuandika nane yake, kubwa.

"Nenda, papa. Lakini sura yako nimeishika."

Njiani sikumuuliza mwendeshaji kuhusu njia ya nyuma. Karibu na soko nikamsikia anaimba kibwagizo kwa sauti ya chini.

Namshukuru Mungu kwa silabi ile, na kwa kunirudisha nyumbani. Akina mama niliwafundisha kaswida nzima. Ila tangu siku ile siandiki namba pembeni mwa shairi. Nahesabu kwa vidole, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa kanzu.