Kitenge Mezani kwa Mkuu Mpya

Shule niliiacha kidato cha pili, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, lakini kusoma sikuacha. Chochote kilichobandikwa ukutani nakisoma: ratiba ya basi, onyo la lifti, tangazo la paka aliyepotea. Ndiyo maana katika hospitali moja ya Columbus, nilikokuwa mfanyakazi wa usafi, nilijua kabla ya baadhi ya madaktari kwamba mkuu wao anaondoka.

Ghorofa ya nne kulikuwa na ubao wa picha. Safu tatu za nyuso, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hao walikuwa madaktari wa residensi, yaani watu waliomaliza chuo cha udaktari na sasa wanafanya kazi chini ya wakubwa wao kwa miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yao. Chini ya picha kulikuwa na karatasi ya habari, mpya kila mwezi. Nani amefunga ndoa, nani amepata mtoto, nani atakuwa kiranja wa wenzake mwaka ujao, nani ameshinda shindano la kupika maharage. Niliisoma yote nikiwa nimeegemea fimbo ya deki. Niliwajua watu wale kuliko walivyonijua, na nilipenda hali hiyo. Mtu asiyekaa mahali hupenda habari za watu wanaokaa.

Mimi sikukaa. Kabla ya Columbus nilikuwa Louisville, mtaa wa Newburg, nikipanga vifurushi kwenye ghala. Asubuhi moja nikirudi kutoka kazini nilikwaruza mlango wa gari la jirani, mama mmoja Mrundi aliyekuwa akinipa chai kila Jumapili. Nilikusudia kumwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi la kwenda Ohio na begi moja, nikijiambia kwamba ghala lilikuwa limenichosha. Tangu siku hiyo sikugusa usukani.

Columbus nilipokewa na familia ya mtu wa Bukavu. Nililala kwenye kochi lao, katika nyumba za kupanga kaskazini, mbele ya Clintonville. Baba wa familia hiyo alikuwa daktari. Kwao alitibu watu miaka tisa. Hapa alisukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini hadi kwenye picha za eksirei, katika hospitali ileile niliyopiga deki. Alikuwa amefanya mitihani yote ya Wamarekani akisoma ameketi ukingoni mwa bafu, kwa sababu meza ilikuwa ya watoto. Nilimwita kaka. Yeye aliniita mdogo wangu, na akikasirika aliniita bwana.

Mkuu wa zamani wa residensi alikuwa amemkuta siku moja koridoni akimweleza bibi mmoja wa Togo, kwa Kifaransa, kile alichokuwa akienda kufanyiwa. Alisimama kusikiliza hadi mwisho. Akamuuliza alisomea wapi. Kuanzia hapo kaka akawa mtu anayejulikana jina. Mzee yule alimwambia aombe nafasi, naye akaomba, pale na kwingine kwingi. Mahali pawili tu walimwita kwa usaili, pale Columbus na hospitali moja ya Louisville.

Columbus ndiyo aliyoitaka. Shemeji, mke wake, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wazee huko Hilliard, na watoto wawili walisoma karibu na hapo. Shemeji hakuendesha gari, aliogopa barabara kuu. Kila asubuhi kaka aliwapeleka wote watatu kabla ya zamu yake. Akipata Columbus, maisha yanaendelea hivyohivyo, ila yeye atakuwa amevaa koti jeupe. Akipata Louisville, atakaa miaka mitatu mbali nao.

Basi mwezi wa kumi na mbili nikasoma kwenye ubao kwamba mzee anastaafu kabla ya mwaka kuisha, na kwamba mkuu mpya, mwanamke kutoka jimbo lingine, ameshaanza kazi. Picha yake ilikuwa tayari imebandikwa juu ya wote. Nilishuka ngazi mbio hadi chini wanakosubiri wasukuma vitanda.

"Kaka, mzee wako anaondoka."

"Nani kasema?"

"Ubao."

Alikaa kwenye kitanda kitupu alichokuwa akikisukuma, kitu ambacho hakikuruhusiwa. "Bon, haya," akasema. "Usaili nimeshafanya na mzee. Donc, kwa hiyo, huyu mpya hajaniona kabisa, na ndiye atakayepanga orodha."

Orodha ndiyo kila kitu. Hospitali inaandika majina ya madaktari inaowataka kwa kufuatana, daktari naye anaandika hospitali anazozitaka, kisha kompyuta inalinganisha. Matokeo hutoka mwezi wa tatu. Kati ya hapo unangoja.

Mimi kungoja siwezi. Jioni hiyo, tukila, nilimwambia: "Mkubwa mpya anasalimiwa. Uende umwone."

"Hapa hapasalimiwi watu hivyo."

"Kambini alipokuja daktari mpya, mama yangu alimpelekea kuku. Hakumwomba kitu. Ilikuwa kumwambia tu karibu, sisi ndio tulio hapa."

"Na kuku yule alikula nani?"

"Daktari."

"Na foleni mama yako alipanga?"

Shemeji akacheka hadi akaweka kijiko chini. "Mwache, baba. Huyu mdogo wako anataka kukupeleka gerezani na kuku." Mtoto mkubwa akauliza kwa Kiingereza nani anakwenda gerezani, akaambiwa ale.

Nilicheka nao. Lakini Jumamosi nilikwenda kwa mama anayeuza vitambaa nyumbani kwake, nikachagua kitenge cha bluu chenye ndege weupe, kile cha nta kizito. Nikanunua na kadi. Kwa Kiingereza changu nikaandika kwamba anakaribishwa, na kwamba familia yetu inamtakia kazi njema. Halafu nikafikiria jina la kuweka. Langu lingemwambia nini? Niliandika la kaka. Jumatatu saa kumi na moja jioni, wakati wa kumwaga takataka za ofisini, nilifungua mlango wa mkuu mpya kwa ufunguo wangu wa kazi na kukiweka mezani, katikati kabisa, ili asikikose.

Nilitoka nikijisikia mtu mwema sana.

Siku mbili baadaye kaka alirudi nyumbani bila kuvua koti. Shemeji alikuwa bado kazini. Alisimama mbele ya kochi langu.

"Bwana," akasema.

Nikajua.

"Nimeitwa ofisini na mratibu wao. Kuna kitambaa mezani kwa mkuu, na kadi yenye jina langu. Ameniuliza kama najua kwamba anayeomba nafasi haruhusiwi kutoa zawadi. Imeandikwa kwenye karatasi niliyosaini. Ameniuliza pia niliingiaje ofisi iliyofungwa."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba si mimi. Akaniuliza ni nani basi. Nikamwambia sijui."

Alikuwa anajua. Mwandiko wangu ulikuwa kwenye friji yake, kwenye orodha ya zamu za kuosha vyombo. Hakunipigia kelele. Aliingia bafuni, akafunga mlango, nikasikia anaketi pale ukingoni alipokuwa akisomea mitihani.

Ningeweza kumfuata nikagonga mlango. Nilichofanya ni kukunja blanketi, nikaliweka vizuri juu ya kochi, nikachukua begi.

Dada yangu anaishi Buffalo, upande wa magharibi, katika nyumba ya mbao yenye familia mbili. Basi lilipita Cleveland kukiwa na theluji, nami nilisoma kila ubao wa barabarani hadi macho yakauma. Nilijiambia Buffalo kuna kazi, kwamba hewa ya Columbus haikunifaa. Dada alifungua mlango, akatazama begi kabla ya kunitazama mimi.

"Umekimbia nini mara hii?"

"Nimekuja kukuona."

"Katikati ya wiki? Ingia, unaniletea baridi."

Nilimweleza tukimenya viazi. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye kadi, aliacha kumenya.

"Uliandika jina lake."

"Nilitaka mkuu asalimiwe na yeye."

"Na ulipoondoka uliacha nani wa kusema ukweli? Yeye hatakutaja. Kama angetaka kukutaja angeshakutaja. Kwa hiyo huko sasa ni mwongo au ni mtu wa rushwa, achague." Akaokota kiazi kingine. "Kesho kuna basi la asubuhi. Mimi nitakuamsha."

"Naweza kupiga simu."

"Kiingereza chako cha simu kitamfukuzisha kabisa."

Asubuhi ile sikuhitaji kuamshwa. Nilikuwa nimeketi juu ya begi hata kabla ya yeye kubandika chai.

Nilifika ghorofa ya nne Ijumaa alasiri nikiwa na nguo za safari. Mratibu, mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliniambia mkuu hapokei watu bila miadi. Nikamwambia mimi ndiye wa kitambaa. Akainuka.

Mkuu mpya alikuwa mfupi kuliko picha yake. Kitenge kilikuwa juu ya kabati, bado kimekunjwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: ufunguo, kadi, kuku wa mama yangu, na kwamba mwenye jina alikuwa amenikataza mezani kwake mbele ya mke na watoto. Nilimwambia pia kwamba nilikimbilia Buffalo. Sijui kwa nini nililiongeza hilo. Labda nilikuwa nimezoea kulificha.

Aliniuliza swali moja. "Kwa nini hukuandika jina lako?"

"Kwa sababu mimi si mtu wa kukukaribisha."

Akasema ataandika maelezo yangu, nisaini, na kwamba lazima awajulishe wakubwa wangu juu ya ufunguo. Akanirudishia kitenge kwa mikono miwili, jambo ambalo Wamarekani wengi hawalifanyi, akasema ni kizuri sana na hawezi kukichukua. Kama maelezo yangu yatamsaidia yule daktari, hakusema. Sikuthubutu kuuliza.

Kazi ilikwisha siku hiyohiyo. Msimamizi wangu alichukua beji na ufunguo, akanipa mkono.

Nyumbani nilimkuta kaka amelala kwenye kochi langu. Nilimwambia. Aliangalia kitenge, akakigeuza upande wa pili kama daftari la mwanafunzi.

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Donc wewe ni mjinga mwenye miguu," akasema, akajisogeza ili nikae.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Nilipata kazi ya kufunga masanduku, nikaiacha, nikapata nyingine. Kila wiki nilifikiria kuondoka. Nilitazama ratiba za mabasi kwenye simu, Pittsburgh, Des Moines, Boise, miji niliyojua jina tu. Lakini kuondoka kabla ya mwezi wa tatu kungekuwa kukimbia kwa mara ya pili, na hilo nililijua hata bila dada kunipigia, ingawa alipiga.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu barua pepe ilisema kaka amepata nafasi. Haisemi wapi. Wanakuambia wapi Ijumaa. Siku nne hizo kaka alisukuma vitanda kama kawaida, na shemeji alipika sombe, kisamvu cha kwao, mara tatu. Ijumaa mchana tulisimama nyuma ya kiti chake. Alifungua, akasoma, akaweka kidole kwenye skrini.

Louisville.

Shemeji alipiga kigelegele kimoja, kikakatika katikati. Kaka alishukuru Mungu kwa sauti, akatazama funguo za gari zilizokuwa mezani. Sote tuliziangalia. Daktari alikuwa amekuwa daktari tena, na Hilliard ilikuwa palepale, maili zilezile, kila asubuhi.

Sijui kama ni kitenge. Pengine mkuu mpya alikuwa na majina mazuri kuliko lake. Pengine tangu mzee alipostaafu nafasi ilikuwa imeshapotea. Nilimuuliza kaka mara moja, tukifunga sanduku lake la vitabu.

"Hakuna atakayetuambia," akasema. "Kwa hiyo usinifanye nifikirie."

Nikamwambia kwamba shemeji na watoto nitawapeleka mimi. Alicheka kwanza. Alijua habari ya Newburg, nilikuwa nimeshamweleza. Kisha akanipeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya duka, siku sita mfululizo, akinishikia breki ya mkono kama aliyeshika mapigo ya mgonjwa. Mwezi wa sita alinikabidhi funguo.

Safari ya kwanza nilipomtembelea Louisville nilipita Newburg, nikagonga kwa yule mama Mrundi. Alifungua mtu mwingine. Alisema waliokuwepo walihama, hajui wapi. Nilisimama kwenye maegesho kwa muda, nikitafuta mlango wenye mkwaruzo.

Miaka mitatu sikuhama Columbus. Sijawahi kukaa hivyo mahali popote. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nje nikikwangua barafu kwenye kioo, shemeji mbele akisali kimya kila tulipoingia barabara kuu, watoto nyuma wakinisahihisha Kiingereza. Mguu wangu wa kulia ulitaka kupita njia ya kuchepukia Hilliard na kuendelea magharibi. Kila asubuhi ulitaka. Nikiwasha taa ya kugeuka, shemeji aliacha kusali.

Jioni nilifungua ukurasa wa ile programu ya Louisville nikasoma habari zao. Nani ameoa, nani amehamia upasuaji, nani ni kiranja. Kaka alikuwa safu ya chini, kisha ya kati. Mwaka wa pili niliona wanatangaza mkuu mpya. Nikampigia.

"Kaka, mna mkubwa mpya."

"Nimemwona. Uko wapi?"

"Jikoni kwako."

"Baki hapo," akasema.

Kitenge kilikuwa mlangoni, shemeji amekishona pazia. Nilivuta pazia, nikatoka kwenda kuangalia mafuta ya gari ya kesho.