Maji Niliyommwagia Ciru

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilipelekwa Uthiru kwa Shosho, mama wa baba yangu, na kitu cha kwanza nilichofundishwa pale, hata kabla ya kuonyeshwa choo, ni kwamba hakuna mtu anayeamshwa kwa kuguswa. Mtu akilala, Shosho alisema, roho yake inatoka kutembea kidogo. Ukimshtua inarudi mbio, inakosa mlango, na mtu anabaki nusu ndani nusu nje. Kwa hiyo unakaa upande wa miguu, unamwita jina lake kamili, si la utani, unaita polepole, halafu unangoja. Hata kama amechelewa shule, unangoja.

Majirani tuliopanga nao ploti moja walitucheka. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akituona asubuhi tumechelewa anatuuliza, "Kwenu bado mnaamshana kwa barua?"

Mdogo wangu Ciru, Wanjiru kwa jina kamili, alikuwa na Shosho tangu ananyonya. Mimi ndiye nilikuwa mgeni, nimetoka Nakuru kwa mama, na nilimwonea wivu kidogo, niseme ukweli, kwa sababu Ciru hakutumwa mbali, hakupandishiwa sauti, na akilala nyumba nzima inanyamaza. Basi Jumamosi moja mchana, mwaka uliofuata, tuliachiwa sare za shule tufue. Mimi nifue, Ciru asuuze. Nikafua mpaka vidole vikakunjamana, nikageuka kumtafuta msuuzaji wangu, na msuuzaji amelala jikoni juu ya gunia la viazi, mdomo wazi. Nilichota kikombe cha maji ya kusuuzia, baridi, nikammwagia usoni.

Hakulia. Ningependa alie. Alikakamaa kama ubao, macho yakapanda juu, halafu mwili wote ukaanza kutetemeka na povu likatoka mdomoni. Shosho aliingia kutoka kwa kuku, hakuuliza kitu. Alimshusha chini, akamgeuza kwa ubavu, akasukuma kigoda mbali, akakaa upande wa miguu. "Wanjiru," aliita. "Wanjiru." Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi za shule. Aliita mpaka kutetemeka kukaisha na Ciru akafumbua macho, akamwangalia kama mtu anayetoka mbali. Ndipo Shosho akaniangalia mimi, akaangalia kikombe mkononi mwangu.

"Nenda umalize nguo," akasema.

Basi. Hakunipiga, hakunisema, siku ile wala nyingine. Na Ciru aliendelea kuanguka, mwaka huo na miaka iliyofuata, mpaka kliniki ikampa dawa, na kila alipoanguka nilijua ni roho iliyokosa mlango na ni mimi niliyeifungia. Shosho alifariki nikiwa kidato cha pili. Nikasoma biolojia mpaka cha nne, nikachora ubongo na sehemu zake zote, mwalimu akanipa alama nzuri, na bado nilijua hivyo.

Sasa nina mtoto wangu. Imani ana miaka minne. Mwaka huu alianza kunyamaza katikati ya kutafuna, anaangalia ukuta, kijiko kiko hewani, halafu anaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Nikajiambia ni usingizi. Kisha asubuhi moja nikamkuta kitandani anatetemeka, na sikuhitaji mtu anieleze ninachokiona. Mwalimu wake wa nasari huku Kawangware akauliza mbona hakuja, nikasema homa. Wiki iliyofuata nikasema homa tena. Nilifikiri, deni limerudi, limenipita mimi limemwendea mtoto.

Ndiyo hivyo tukafika hospitali moja ya Upper Hill, kwenye kile kipimo cha ubongo wanachokiita EEG. Waliniambia nimfumue nywele, nimwoshe kichwa nisimpake mafuta, na nimnyime usingizi usiku ili alale pale mbele ya mashine. Mimi, mjukuu wa Shosho, nikakaa namchezesha mtoto aliyechoka, namfuta uso na kitambaa cha maji akisinzia.

Dada wa mashine alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye haraka kidogo. Alimpima Imani kichwa kwa utepe kama fundi wa nguo, akaweka alama kwa penseli nyekundu, akabandika nyaya moja moja kwa dawa nzito inayofanana na gundi. Imani alilala kabla dada hajamaliza. "Sasa Mama Imani, simu uzime, na usiongee," akaniambia. "Hii haimwingizii kitu. Inasikiliza tu."

Mistari ikaanza kupita kwenye kioo, mingi, imepangana kama mistari ya daftari iliyoshikwa na baridi. Niliitazama nikitafuta mahali palipoandikwa kosa langu. Imani alikuwa ametulia sana. Ametulia mno, nikaona, na kabla sijafikiri nikawa nimesema, polepole, "Imani."

Hakusogea. Lakini mistari iliruka, yote pamoja, ikatulia.

"Mama, umeongea?"

"Nimemwita tu."

"Nilikuomba unyamaze." Kisha akavuta kiti karibu. "Lakini ona. Hapa ulipomwita. Amelala fofofo, ila ubongo umesikia jina. Hao wanaolala huwa hawaendi mbali, mama."

Nikalia. Nikamwambia yote kwa kunong'ona, mfululizo, gunia la viazi, kikombe, roho, Ciru, Imani, sijui hata kama alielewa nani ni nani. Alisikiliza huku macho yako kwa kioo.

"Hayo maji yalikuwa ya kufua?"

"Ya kusuuza."

"Basi yalimsuuza. Kifafa hakimwingii mtu kwa kikombe." Akanipa tishu. "Hii ya mtoto atasoma daktari, mimi siwezi kukwambia kitu. Sasa nyamaza, tumalizie."

Tulipotoka nilikaa kwenye ngazi za nje, Imani mgongoni, nikampigia Ciru simu. Anashona mapazia mjini, dukani kwa watu, nilisikia cherehani nyuma yake. Nikamwambia kuhusu maji. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi.

Cherehani ikanyamaza. "Njeri, wewe ni mjinga kweli? Mimi nilianza kuanguka nikiwa na miaka mitatu. Wewe ulikuwa bado Nakuru."

"Mbona hamkuniambia?"

"Shosho alinikataza. Aliogopa watoto wa ploti wakijua watakataa kula na mimi. Na wewe ulikuwa na mdomo."

"Na ile ya roho kutembea?"

"Hiyo alitunga. Aliona nikishtuliwa usingizini naanguka. Sasa angewaambia nini? Ukisema roho, kila mtu anaogopa, hakuna anayeuliza swali." Akacheka kidogo. "Si ilifanya kazi? Ni wewe tu ulivunja."

Sikucheka. Nilikaa pale na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuipokea. Miaka karibu ishirini. Shosho angeweza kuniita kando siku moja tu. Halafu nikamfikiria huyo mzee, hana mashine, hana waya hata mmoja, amekaa upande wa miguu ya mtoto siku baada ya siku akiangalia nini kinamshtua na nini kinamrudisha, mpaka akajua. Alijua sawasawa. Akaifunika elimu yake kwa hadithi ili Ciru apate wa kucheza naye, na hadithi hiyo ikamlinda mmoja ikamlemea mwingine, na sidhani alimwona huyo wa pili.

Matokeo bado hayajatoka. Naogopa, nisidanganye. Lakini Jumatatu nilienda nasari mapema kabla ya watoto wengine, nikamwambia mwalimu kwamba haikuwa homa. Nikasema jina la ugonjwa kwa sauti ya kawaida, hata kama daktari hajalisema. Akianguka mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimwache peke yake.

Mwalimu hakurudi nyuma. Alichukua kalamu akauliza, "Ubavu upi?"

"Wowote," nikasema.

Akaandika. Nadhani Shosho hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza hivyo, na ndiyo maana kila nikianza kumkasirikia sifiki mwisho.