Mlinzi wa Mila Alivyochezeshwa Wimbo Wake

Nimeshamwona mwanaume mzima, na ndevu zake, akicheza ngoma huku analia na hana ruhusa ya kutoka kwenye duara.

Mimi ndiye niliyemtia humo. Sijutii hata chembe.

Naitwa Durita. Nimezaliwa visiwa vya Faroe, kijiji ambacho ukipiga chafya, jirani anakuombea afya kabla hujafuta pua.

Nilikuwa naishi na mpenzi wangu Rannvá, mwanamke mwenzangu. Kijiji kizima kilijua, wengi wakanyamaza. Mwaka ule bunge letu la Tórshavn lilikuwa linajadili sheria ya kuturuhusu kuoana, na mbunge wetu alikuwa hajaamua. Tukamwalika aje awasikie watu. Tukaomba ukumbi wa kijiji.

Funguo alikuwa nazo Dánjal.

Mwenyekiti wa ukumbi ni yeye, muongozaji wa nyimbo za ngoma yetu ya duara ni yeye, mlinzi wa mila ni yeye. Akatukatalia. Akasema ukumbi ulijengwa na mababu, na mababu hawakuwa na upuuzi huo.

Sawa. Kukataliwa tumezoea.

Lakini Rannvá alikuwa ametundika gatini bendera ya upinde wa mvua aliyoishona kwa mkono wake. Asubuhi moja hatukuiona. Dánjal alikuwa pale anapasua samaki, na bendera yetu ndiyo kitambaa chake cha kufutia kisu. Alitutazama, akafuta tena.

Rannvá aligeuka, nikamfuata. Alirudi nyumbani, akashusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati.

"Nakwenda Copenhagen, Durita. Ukitaka njoo, usipotaka baki na hawa watu wako. Baada ya ngoma ya mwisho ya msimu huu naondoka."

Kondoo wangu wako hapa, kaburi la mama yangu liko hapa. Na bila Rannvá sikuwa na nyumba popote. Nikaapa kwamba atakayeumia si sisi.

Kwetu mtu akiwaudhi wenzake anatungiwa wimbo wa kijembe. Unaimbwa mbele yake kwenye ngoma, na watu wawili wenye nguvu wanamshika mikono, huku na huku, acheze beti zote mpaka mwisho. Akichomoka, aibu inamfuata mpaka kwa wajukuu. Nayo ni mila ya mababu.

Nikatunga. Regin, mvuvi mwenye viganja kama makoleo, akakubali kumshika mkono mmoja. Wa kushika mkono wa pili nikakosa, kila niliyemwomba ghafla mgongo unamuuma. Waoga wakubwa.

Siku ya ngoma ukumbi ulifurika. Dánjal alipomaliza wimbo wake wa mashujaa, kabla hajavuta pumzi, nikaanza:

*Mlinzi wa mila zetu, kisu kirefu kashika,*
*Bendera ya majirani, damu ya chewa kapaka.*

Mtu mmoja akacheka, na duara likaitikia.

Dánjal akageuka atoke. Regin akamkamata mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa huru, na mlango uko upande huohuo. Nikaona kazi yangu inamwagika.

Mkono mwingine ukamdaka. Mdogo, umekunjamana, umetoka kwenye sweta la sufu. Alikuwa Sanna, mama yake mzazi.

"Mama, niachie."

"Cheza, mwanangu. Si unasema mila?"

Akacheza. Nikaimba beti zote, sikumwonea huruma hata kidogo. Nilipofunga mdomo, nikijua nimemaliza, Sanna akaanza ubeti ambao sikuutunga mimi:

*Jina lako la mjomba, nilikupa kwa uchungu,*
*Walomfukuza hapa, walimtaja na Mungu.*

Wazee wote wakainamisha vichwa. Sisi vijana hatukujua kitu, tulikuja kusimuliwa baadaye. Kaka yake Sanna, naye aliitwa Dánjal, alimpenda mwanaume mwenzake. Kijiji kikamtenga mpaka akapanda meli ya Denmark, akafia huko bila ndugu wa kumzika. Sanna akazaa mtoto, akampa jina la kaka yake. Mtoto akakua, akafanya yaleyale ya waliomfukuza mjomba wake.

Nilidhani kisasi ni changu. Kumbe mama wa watu alikihifadhi tangu usichana wake, anasubiri mtu wa kuanzisha wimbo.

Dánjal alicheza huku machozi yanazama kwenye ndevu. Nilimwangalia mpaka mwisho, na raha niliyoipata sitaificha.

Kesho yake Sanna alikuja kwetu. Akaweka funguo za ukumbi mezani, akaomba kahawa, akamgeukia Rannvá.

"Kaka yangu nilimsindikiza mpaka gatini. Wewe sikusindikizi. Rudisha hilo sanduku juu."

Rannvá alilia sana, kisha akalirudisha.

Mbunge akaja, na aliyesimama wa kwanza kusema alikuwa Sanna. Sheria ikapita. Harusi yetu tuliichezea kwenye ukumbi uleule.

Funzo langu ni fupi: ukiwatisha watu kwa mila, jua na wewe zinakuhusu.

Na kijembe kizuri kwetu hakifi. Kila msimu watu wanauomba wimbo ule, na kwa kuwa muongozaji bado ni Dánjal, inambidi auanzishe mwenyewe.