Mkono wa Kufika Chini ya Sufuria

Kiwiko cha kulia cha Irénée Castella, mtengeneza jibini wa milima ya Gruyère huko Uswisi, kilipovimba, kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Mkwewe alisema baridi yabisi. Fundi wa kuunga mifupa akakivuta mpaka Irénée akatokwa na machozi. Mwaka ukapotea hivyo, hadi hospitali ya mlimani walipochota maji ya kiungo na kuyapima.

"Kifua kikuu," alisema Daktari Thorin.

"Mbona sikohoi?"

"Kimekaa kwenye kiwiko. Huenda ulikipata kwenye maziwa mabichi."

Maziwa aliyoyanywa tangu utotoni! Irénée alitamani kupiga kitu, ila mkono haukunyanyuka.

Miaka hiyo dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana. Tiba ilikuwa jua, chakula na kufungwa plasta ngumu, mpaka kiungo kigande kisikunjuke tena. Kikiganda kimekunjwa, utazikwa nacho kimekunjwa. Na daktari alikifunga kimekunjwa kwa pembe mraba, "ili uweze kujilisha."

"Daktari, ninyooshee. Jibini tunalitoa kwa kuinama juu ya sufuria, ncha ya kitambaa cha kuchujia umeing'ata kwa meno, mikono yote miwili chini kabisa. Mkono uliokunjwa utafika wapi?"

"Bwana Castella, wagonjwa wote tunawafunga hivi."

"Kwani wagonjwa wote wanatengeneza jibini?"

Daktari alikwisha kugeukia kitanda kingine. Plasta ilikuwa bado mbichi. Irénée akauma shuka, akausukuma mkono chini kwenye ukingo wa kitanda hadi ukanyooka, maumivu yakimpanda hadi utosini, akaushikilia hapo mpaka plasta ikakauka.

Daktari aliporudi alipiga kelele wodi nzima ikasikia. "Umejiharibu mwenyewe! Utakulaje?"

"Kwa kushoto. Wa kulia wacha ufanye kazi."

Daktari akaupapasa mkono, kisha akauliza, "Hiyo sufuria ina kina gani?"

Tangu Irénée aletwe, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la daktari kuhusu kazi yake.

"Mpaka kwapani."

"Sista, iache plasta ilivyo," daktari alimwambia muuguzi kwa hasira, akaondoka.

Jioni supu ikaletwa. Kijiko kikapinduka katika mkono wa kushoto, supu yote kifuani. Fridolin wa kitanda jirani, aliyefungwa plasta kuanzia nyonga hadi wayo, akaangua kicheko.

"Bwana wee, kwa urefu wa mkono huo si uchote na ya kwangu!"

"Nyamaza," alisema Irénée, akachota tena kwa kushoto.