Shehe Feruzi Aoa kwa Simu

Wakati wa vita, askari walipofunga njia ya Kindu, Shehe Feruzi wetu wa Kisangani alioa mke wa pili kwa simu. Alisimama dukani kwa Katembo, Mkatoliki wa Makiso mwenye simu ya satelaiti, akamsikia Mwavita na baba yake kule Kindu wakikubali, akatoka bwana harusi. Tuliomhoji alituita washamba: dunia imebadilika, na kwa sheria sauti inatosha.

Miaka miwili hakumtumia Mwavita hata kipande cha sabuni. Mwavita akapiga simu dukani hapo hapo, akadai talaka. Shehe akapapasa ndevu, na dunia ikarudi ilikotoka.

"Kwa simu hapana," alisema. "Sheria inataka nikuone. Nitajua namna gani kama hii sauti iko ya muke yangu?"

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Sote tuliokuja kununua chumvi tulisikia jibu.

"Bon, papa shehe. Na ile yenye ilikubali ndoa, ulijua namna gani kama iko yangu?"

Shehe akamrudishia Katembo simu, akasema laini imekatika. Sote tulikuwa tunamsikia Mwavita akicheka.