Mkwe Aliyekula Mbele ya Mama Seline

Saa kumi na moja jioni, vibarua wanarudi mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kutoka mjini na njaa zao. Mama Seline Ogola, mwenye umri wa miaka sitini na saba, anageuza mgongo wazi kwenye karai, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Leso ameizungusha usoni, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Ni moshi," anasema. Kisha anainamisha kichwa. "Basi, si moshi peke yake. Ni aibu."

Alikuja Kisumu kutoka Usenge mwaka jana, 1993, baada ya kufiwa na mumewe. Bintiye, Benta, alimwambia apumzike, acheze na wajukuu. Alijaribu.

"Yawa! Nilianza kuumwa hata mahali hapakuwa panauma. Mimi nimeanika omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, tangu nikiwa msichana. Sasa nikae tu, naangalia ukuta?"

Afadhali ukuta kuliko mkwe. Kwa desturi ya Wajaluo, mama mkwe halali kwa mkwewe, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Benta na mumewe Oduor, fundi wa baiskeli, wana chumba kimoja tu, wakakigawa kwa pazia. Oduor akiingia, mama anajifunika. Mama akipita, Oduor anaangalia sakafu. Wakikosa budi, husalimiana kwa kunong'ona.

Mama Seline akaanza kukaanga samaki kando ya barabara kwa siri. Nyumbani alisema anaenda maombi ya akina mama. "Nilisingizia Mungu," anasema, na hataki kuniangalia.

Jioni moja Oduor akafika kwenye karai hilo na wenzake, bila kujua ni la nani.

"Mama, huu mfupa hata paka atakataa! Punguza bei!"

"Kama huna pesa, nenda nyonya kidole!" akajibiwa.

Watu wakacheka. Oduor akalipa, akala papo hapo, akilamba vidole. Ndipo mwenzake akamtania, "Oduor, si ubakishie Benta?"

Mwiko ukamponyoka Mama Seline. "Nyasaye wangu!" akamwita Mungu kwa kunong'ona, na Oduor akaijua sauti ile ya salamu za nyumbani. Akaacha samaki pale pale, akaondoka bila kuaga.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema mama. "Nimetukana bwana ya mtoto wangu! Na amekula mbele yangu!"

Usiku huo alifunga nguo zake arudi Usenge, kwenye nyumba iliyoanguka, asikokuwa na mtu. Wajukuu wakamshika leso wakilia.

Oduor anasema yeye ndiye aliyeaibika zaidi. "Nimeishi na huyu mama miezi minane na sijui uso wake. Ningemkuta barabarani amelemewa na mzigo, ningempita tu. Hiyo ni heshima gani?"

Asubuhi Oduor alimkodia mama chumba cha jirani, ploti hiyo hiyo. Sasa mama halali tena chini ya paa la mkwewe, na wajukuu wa kike wanalala kwake, kama wangelala kwa bibi yao kijijini. Desturi imetulia. Mama hajaenda popote.

Kila jioni anachagua kipande kizuri, anakifunga kwa gazeti, mjukuu anampelekea baba yake. Hakuna neno linalorudi. Oduor bado akimwona anageukia ukuta.

"Nitakaanga mpaka mkono ukatae," anasema Mama Seline. "Lakini kabla nife, nataka siku moja asimame kwa mlango, aniangalie, aseme, 'Mama, leo umezidisha chumvi.' Hata kama ni uongo, nitalia kwa furaha."