Taa za Kigari cha Mgiriki

Kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la spana, Eliufoo alitungua kioo cha taa ya lori kutoka kwenye msumari wake, akakipangusa kwa kitambaa laini, nje na ndani, kisha akakitundika tena, uso ukiwa umeelekea ukutani. Kilikuwa kioo kimoja tu, kisicho na mwenzake, na hakuna mteja aliyewahi kukiulizia. Upepo wa Same hauchagui wa kumtupia vumbi, kwa hiyo kazi hiyo haikuwa na mwisho. Benedikto, mziba pancha wa kibanda cha pili, alisema kama fundi angeuosha uso wake mwenyewe kwa bidii ile, wateja wangepanga foleni kuanzia stendi.

Eliufoo alimwacha aseme. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenyeji wa Mhezi, aliyepita miaka hamsini kidogo. Umeme wa magari alijifunzia Moshi, kwenye gereji ya Singasinga mmoja, ambako alishika tochi miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika waya. Mwaka wa Uhuru alihamia Same akafungua kibanda kando ya barabara kuu, na madereva wa njia ya Tanga wakazoea kusema kwamba taa iliyopita mikononi mwa fundi Sabato haizimiki njiani. Jina hilo alilipata kwa sababu Ijumaa, jua likianza kugusa tambarare za Umasaini, alifunga kibanda hata kama gari liko na matumbo nje. Hakukifungua tena mpaka jua la Jumamosi lizame.

Kioo kile kilitokana na kazi ya Ijumaa moja, mwaka 1971.

Siku hiyo dereva mmoja, Hezroni, alimletea lori la mbao pamoja na jozi ya taa alizozipata kwa dereva aliyetoka njia ya Burundi. Zilikuwa taa kali, safi, ambazo dukani hazikuonekana tena. Eliufoo alizifunga kwa furaha ya fundi aliyepata kitu kizuri cha kushika. Desturi yake, akishafunga taa, ilikuwa kusubiri giza lianze, kulipeleka gari mbele ya ukuta mweupe wa ghala la ushirika, kuwasha, na kutazama mwanga unaangukia wapi. Lakini Ijumaa hiyo giza na Sabato vilikuwa vinakuja pamoja, na Hezroni alitakiwa Tanga asubuhi yake. Basi Eliufoo akaziwasha jua likiwa bado lipo, akaona zinawaka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda nyumbani kuoga.

Usiku uleule, karibu na Makanya, lori hilo lilikutana na kigari cha Athumani.

Kigari hicho wilaya nzima ilikijua. Kilikuwa gari la mbio la milango miwili, la kijani, kizee tayari wakati huo, tumbo lake karibu liguse barabara. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mgiriki wa shamba la mkonge, aliyekiuza haraka mashamba yalipotaifishwa. Athumani, mfanyabiashara wa maharage, alikinunua kwa mapenzi tu, maana hata gunia moja halikuingia. Usiku huo kigari kiliacha barabara kikagonga kalavati, na Athumani hakufika hospitali akiwa hai.

Polisi walipima kwa futi kamba wakaandika mwendo kasi. Hakuna aliyeshangaa. Gari la mbio, mwanamume kijana, barabara tupu: watu walikuwa wameshahukumu kabla ya maziko. Eliufoo alikuwapo mazikoni, amesimama nyuma, na aliyasikia yote.

Wiki iliyofuata Hezroni alirudi. Alikaa ndani ya lori muda mrefu kabla ya kushuka, kisha akamweleza fundi yale ambayo polisi hakuwaambia, kwa kuogopa kufungwa. Kigari kilikuwa kinakuja polepole. Kilimwashia taa mara mbili, kumwomba ashushe dimu, yaani apunguze mwanga.

"Na mimi nilikuwa nimeshashusha, fundi," alisema. "Nilikuwa kwenye dimu tangu mbali."

Jioni hiyo walilipeleka lori mbele ya ukuta wa ghala. Eliufoo akashusha dimu, akaona alichopaswa kukiona ile Ijumaa. Taa zile zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako magari hupita kulia. Zilipopunguzwa, mwanga wa kushoto uliinama chini kwa adabu, lakini wa kulia ulipanda juu kama ngazi, palepale ambapo kwetu huwa yapo macho ya mtu anayekuja. Alizing'oa saa ileile. Moja ilipasuka mikononi mwake. Ya pili aliitoa kioo, akakitundika msumarini.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kumuuliza kitu. Hezroni alikwenda kubeba samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, akawa hapiti tena. Eliufoo alijiambia kwamba maneno hayamrudishi marehemu. Lakini alisikia, kupitia kwa mkewe Rogathe, kwamba mama mkwe alimlaumu mjane kwa kumwachia mume achezee gari kama mtoto, na kwamba binti yao, Saada, wenzake shuleni walimwita Mbio. Mara moja alivaa koti akaenda mpaka kwenye ua wa nyumba ile. Alisikia watu wanakula, akageuka. Alijua anachokishikilia: jina jema la marehemu, ambalo halikuwa lake kulificha.

Mwaka 1974, kigari kikasimama mbele ya kibanda chake.

Aliyeshuka alikuwa Zaituni, mjane wa Athumani. Alikuwa mkunga wa zahanati upande wa Makanya. Tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vipya kando ya barabara, aliitwa kila saa, na wanaojifungua hawachagui mchana. Zahanati haikuwa na gari, na gari jipya wakati huo lilikuwa kitu cha kuota. Basi alikiondoa kigari chini ya magunia, akakipeleka Moshi kunyooshwa bodi, na kaka yake Amiri akamfundisha kuendesha. Kiti cha abiria kililazwa nyuma akalala mama mjamzito, na watoto wawili walikuwa wameshazaliwa humo, mmoja mbele kabisa ya geti la hospitali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama Saada. Habari za kazi?"

Alisema kazi nzuri, ila haoni njia. Taa za kigari zilikuwa za zamani sana, za tangu enzi za Mgiriki, na mwanga wake ulikuwa wa kibatari. Juzi nusura amgonge ng'ombe. Akafungua khanga iliyokuwa kitini, akatoa taa mbili zinazong'aa, alizotafutiwa na shemeji yake huko Moshi. Alikuwa na furaha nazo. Benedikto alikuja kutazama, mikono imejaa gundi ya solusheni, akasema kwa taa hizo mama ataona mpaka Korogwe.

Eliufoo alizipokea. Aliigeuza moja juani, akatazama mistari iliyochorwa ndani ya kioo. Halafu alikwenda ukutani, akatungua kioo chake, akakiweka sambamba na ile taa. Mistari ililalia upande mmoja, kama ya ndugu wawili.

"Hizi siwezi kukufungia," alisema.

Zaituni alidhani hakusikia vizuri. Benedikto alicheka, akamuuliza kama siku hizi fundi anachagua na rangi ya mwanga. Eliufoo alimwambia mama, macho yakiwa kwenye kioo, kwamba taa za namna ile humpiga usoni anayekuja, hata ukishusha dimu. Dereva hajui. Yeye anadhani ameshapunguza.

Zaituni alitazama ile taa, akatazama kioo kile cha zamani kilichokuwa safi kuliko kitu chochote kibandani, kisha akaitazama mikono iliyokishika. Alikuwa amezoea kumtazama mtu akieleza anakoumwa, na kujua pengine pana mahali hajapataja. Akakunja khanga yake. Aliuliza tu kazi itachukua siku ngapi.

Siku tatu, alisema Eliufoo, kama atapata taa nyingine.

Alizipata siku ya pili, kwenye shamba la mkonge la tambarare, ambako Landrova ilikuwa imelala juu ya matofali tangu mwaka juzi. Mtunza stoo, mtu wa Songea, hakutaka kusikia habari za kutoa kitu cha shirika. Walizungumza mpaka mchana. Mwishowe Eliufoo alifufua dinamo ya trekta lao, na meneja akaandika barua kwamba taa mbili zinakwenda kwa ajili ya kazi ya zahanati. Hazikuwa kali kama zile za Moshi. Moja ilikuwa na mkwaruzo pembeni. Lakini zilikuwa za upande wetu.

Kazi yenyewe haikuwa kuchomoa na kuchomeka. Nyaya za kigari zilikuwa nyembamba, zimekauka kama mishipa ya mzee, na umeme wote ulipita kwenye swichi kabla ya kufika kwenye taa, ukifika umeshachoka. Eliufoo alitandika nyaya nene mpya kutoka kwenye betri, akafunga rilei ili swichi iwe inatoa amri tu na umeme upite njia yake. Alisugua kutu kila mahali waya ulipoungana na bodi. Taa za Landrova hazikukaa sawa kwenye matundu, akachonga pete za bati kwa tupa, akizijaribu na kuzitoa, kuzijaribu na kuzitoa. Benedikto alisema hata bibi harusi hapambwi hivyo.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Zaituni alifika na basi kuchukua gari lake. Taa ziliwaka. Aliziona zinawaka. Huko kijijini alikuwa na mama wa mimba ya pacha, ambaye siku zake zilikuwa zimewadia.

Eliufoo alisema gari halitoki.

"Fundi Sabato," Benedikto aliingilia, "taa zinawaka. Unataka ziimbe?"

Eliufoo alimweleza mama kwamba bado hajazipima ukutani. Ukutani panataka giza, na giza la leo halishikiwi spana. Gari litalala hapa mpaka kesho jua lizame.

"Wagonjwa wangu hawana Sabato, fundi," Zaituni alisema, bila ukali.

"Najua. Niliwahi kulitoa gari Ijumaa kabla sijapima. Sitalitoa tena."

Alikwenda mwenyewe hospitali, kwa miguu, kumwomba dereva wa gari la wagonjwa awe tayari akiitwa kutoka upande wa Makanya. Alirudi jua limebakiza upana wa kidole, akamkuta Zaituni bado ameketi kwenye ukingo wa kiti cha kigari, ameshika usukani. Zaituni alisema naye ana saa zake za kuswali, anaelewa. Akaenda kupanda basi la mwisho.

Jumamosi kanisani Eliufoo aliimba nyimbo zote na hakukumbuka hata moja. Rogathe alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Kisha akamweleza, chini ya mti wa kanisa, habari yote tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Rogathe alimtoa mdudu begani, akasema chakula kitamngoja mpaka atakaporudi.

Jua lilipozama Zaituni alikuwa ameshafika. Pacha walikuwa hawajatoka. Walikisukuma kigari mpaka mbele ya ghala la ushirika, hatua kumi kutoka ukutani, Benedikto akisukuma nyuma na kulalamika kwamba hata magari ya mbio sasa yanasukumwa. Halafu akaaga akaenda zake. Eliufoo alichora kwa mkaa mstari mmoja ukutani, usawa wa taa. Zaituni alikaa kwenye usukani, fundi akachuchumaa mbele na bisibisi. Kaza kidogo, legeza kidogo, fuli, dimu, fuli, dimu. Baada ya robo saa mwanga wa dimu ulitulia chini ya mstari, na upande wa kushoto tu ndipo uliponyanyuka kidogo, kuelekea pembeni ambako hupita waendao kwa miguu.

"Sasa tazama," alisema. Alikwenda akasimama ukutani, upande wa kulia. "Mimi ndiye ninayekuja. Shusha dimu."

Zaituni alishusha. Mwanga ulimfikia fundi kiunoni ukakomea hapo. Kifua na uso vilikuwa gizani, na macho yake yalikuwa yanaona kila kitu: kigari, barabara nyuma yake, na mwanamke aliyeshika usukani kwa mikono miwili.

Alidhani atamwona anafurahi. Zaituni alikuwa ametulia. Hakuondoa dimu, hakuzima. Aliteremsha kioo cha mlango, akasubiri lori moja lipite barabarani mpaka mngurumo ukaisha.

"Baba Anaeli," alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina la mwanawe. "Mume wangu alikuwa anakwenda mbio?"

Eliufoo aliondoka ukutani, akakatiza mbele ya mwanga, akaja mpaka dirishani ili asipaze sauti.

"Hapana, mama Saada. Alikuwa polepole, na aliomba mara mbili apunguziwe taa. Zile taa nilizifunga mimi."